Unabonga ngeli, lakini unajua kujuta?

Hebu nikuulize kitu, na usikimbilie simu kwanza. Kumekuwa na mazishi ya mtu wa karibu kwenu na wewe hukufika. Mwenye msiba yuko ng'ambo, Kiswahili chake ni cha salamu tu, na unataka kumwambia kwa Kiingereza kwamba unajuta. Utaandika nini?

Mimi niliandika, "I wish I would be there."

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. "It was yesterday." Maneno matatu. Halafu kimya cha wiki mbili.

Nimeamua kuandika kuhusu hayo maneno matatu kwa sababu najua siko peke yangu. Tuko wengi hapa Kisumu, na huko Nakuru, Eldoret na Nairobi, tunaobonga ngeli kutwa nzima bila wasiwasi. Tunajitambulisha kwa Kiingereza, tunabishana kuhusu mpira kwa Kiingereza, tunatongozana kwa Kiingereza. Lakini tukifika mahali pa kutamani na kujuta, tunateleza. Na maoni yangu ni kwamba hapo si mahali pa kuteleza. Makosa mengi ya Kiingereza huchekesha tu, watu wanacheka na maisha yanaendelea. Hili moja hubadilisha kile unachosema kuhusu nafsi yako.

Robota la Ijumaa

Wacha nieleze kilichotokea. Mimi humsaidia mamangu kuuza nguo za mitumba pale Kibuye. Kama unaijua Kisumu, unajua kwamba Kibuye ni soko la kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yenyewe. Watu humiminika kutoka kila pembe ya kaunti, na hata nje yake, na muuzaji asiye na mali mpya siku hiyo anaangalia tu wengine wakihesabu pesa.

Shangazi yangu, waya kama tunavyosema kwa Dholuo, alifariki na akazikwa Seme siku ya Jumamosi. Binti yake alilelewa Minnesota, na makaratasi yake hayakumruhusu kusafiri. Akaniomba kitu kimoja tu: niende na simu yangu, nimpigie video mazishi ya mamake, angalau aone. Nikamwambia, poa sis, usijali.

Mama alifunga kibanda Alhamisi akaenda kusaidia kupika. Aliniambia nifunge pia. Nikamjibu nitamfuata Jumamosi alfajiri. Sasa, Ijumaa jioni robota tulilokuwa tumelisubiri likafika. Nikajiambia nitalifungua usiku, nipange nguo, kisha niondoke. Asubuhi nikajiambia nimalizie kidogo. Saa nne nikajiambia matatu za Seme haziishi. Saa nane nilikuwa bado napiga pasi mashati.

Robota lenyewe lilikuwa zuri. Nguo nyingi zilikuwa kamera, zile za daraja la kwanza, na Jumapili tuliuza vizuri sana. Ningependa kukwambia kwamba lilikuwa bovu ili hadithi iwe na funzo rahisi, lakini halikuwa bovu. Nilipata pesa, na mazishi ya waya hayakupigwa video na mtu yeyote, kwa sababu kila mtu alijua nakuja.

Jumapili usiku ndipo nikaandika ule ujumbe.

Milango mitatu

Kabla ya kurudi kwenye ujumbe huo, acha nikuonyeshe jambo ambalo robota limenifunza, kwa sababu darasani sikulielewa.

Kama hujawahi kuuza mitumba, jua hivi. Robota, au bale kama wengi wanavyoliita sokoni, kwa kawaida lina uzito wa kilo 45. Limebanwa na kufungwa mikanda, na unalilipia kabla ya kuona ndani. Kabla ya kukata mikanda, unaomba Mungu. Ukishaikata na kuona yaliyomo, unatamani yangekuwa mengine. Na jioni, pesa zikiwa zimekwenda, unajuta kwamba hukuchukua lile robota lililokuwa kando. Hizo ni hali tatu tofauti, na kila muuzaji wa Kibuye anazijua hadi tumboni. Kiingereza nacho kina mlango wake kwa kila moja.

Mlango wa kwanza uko wazi. Mikanda haijakatwa, lolote linawezekana. Hapa neno ni "hope". Unasema, "I hope it is a good bale." Unatumaini. Na hapa ndipo wengi wetu tunachukua "wish" kwa nguvu: "I wish it will be good." Nimeona barua za kuomba kazi zinazoishia hivi: "I wish I will be considered." Ndugu yangu, "wish" ikifuatwa na sentensi nzima kuhusu jambo lako, humwambia msomaji kwamba jambo hilo haliko hivyo, au hutarajii liwe. Mwajiri bado hajafungua bahasha na wewe umeshaanza kuomboleza. Mwambie, "I hope you will consider my application." Basi.

Lakini usiende sasa ukaogopa "wish" kabisa. "I wish you a happy birthday" ni sawa, kwa sababu baada yake umeweka kitu unachomtakia mtu, si sentensi. "I wish to apply for the position" pia ni sawa. Hiyo ni njia ya heshima ya kusema unataka. Kosa ni pale unapochanganya, ukamwandikia rafiki yako "I wish you will pass". Ama umtakie kitu, "I wish you success", ama utumaini, "I hope you pass".

Mlango wa pili umefungwa, na bado umesimama mbele yake. Umekata mikanda, umeona ni makoti mazito ya baridi, na jua la Kisumu unalijua wewe. Unatamani yangekuwa suruali za jinzi. Sasa hivi, leo, unasema, "I wish these were jeans." Angalia kitenzi. Tunazungumzia sasa, lakini Kiingereza kimechukua umbo la wakati uliopita. Ndiyo maana "I wish I have money" si sawa na "I wish I had money" ni sawa, hata kama ni leo hii ndiyo huna pesa. "I wish I knew her number" maana yake ni kwamba siijui namba yake sasa. Wala si jana.

Kwa nini wakati uliopita utumike kwa jambo la leo? Mwalimu wangu alituambia tukariri tu. Mimi huelewa hivi: katika Kiingereza umbo hilo huashiria umbali. Mara nyingi ni umbali wa siku, jambo lilitokea zamani. Mara nyingine ni umbali kutoka kwa ukweli, jambo haliko. Ukishaliona hivyo, hutahitaji kukariri. Na ukiuliza kuhusu "I wish I were" na "I wish I was", zote utazisikia. "Were" ndiyo itakayokulinda kwenye mtihani na barua rasmi, "was" ni ya mazungumzo ya kawaida.

Mlango wa tatu umefungwa na ufunguo umetupwa ziwani. Ni jioni, pesa imeisha, jirani yako aliyechukua robota la kando amemaliza kuuza na anakula ngege wake kwa raha. Hapa unahitaji "had" pamoja na kitenzi katika umbo lake la tatu: "I wish I had taken the other bale." Si "had took". Na kwa wale wa "I wish I had went", tafadhali, ni "gone".

Kuna na "would", ambayo ndiyo iliyoniponza. Kiingereza hukuruhusu kusema "I wish it would stop raining", hasa ile siku mvua imegeuza Kibuye matope na wateja wanapita mbio. Unaweza kusema "I wish that customer would stop touching everything." Hizo ni tamaa kuhusu mambo au watu ambao huna mamlaka juu yao, na bado wanaweza kubadilika. "Would" hapo imebeba hiari: laiti huyo mteja angekubali kuacha. Sasa ukiiweka juu ya nafsi yako, "I wish I would", inasikika kama unatamani nafsi yako ingekubali. Kana kwamba wewe ni mtu mwingine unayemsubiri aamue.

Sasa rudi usome ujumbe wangu. "I wish I would be there." Mtu amezika mamake jana. Mimi naandika kana kwamba mazishi bado yanakuja, na kana kwamba kufika kwangu kunamtegemea mtu mwingine. Si ajabu alinijibu vile. Alikuwa ananieleza wakati. Jana. Imekwisha.

Kosa hili lina mama yake

Usidhani tunakosea kwa sababu sisi ni wajinga. Tunakosea kwa sababu tunajua lugha nyingine vizuri.

Chukua Kiswahili. Shuleni tulifundishwa, tena kwa ukali, kwamba ukianza na -nge- umalize na -nge-, ukianza na -ngali- umalize na -ngali-. "Ningejua, ningekuja." "Ningalijua, ningalikuja." Ukichanganya, kalamu nyekundu. Pande mbili za sentensi zinavaa sare moja.

Chukua Dholuo, lugha utakayoisikia zaidi ukitembea Kibuye. "Ka dine ang'eyo, dine abiro." Ningalijua, ningalikuja. Umeona "dine" mara mbili? Sare tena.

Basi mtoto wa Kisumu aliyelelewa na lugha hizo mbili akifika kwa Kiingereza, anavalisha sentensi sare alivyozoea: "If I would have known, I would have come." Inasikika vizuri sana masikioni mwetu. Ina mizani. Lakini Kiingereza cha barua na mtihani hakitaki sare. Upande wa "if" unavaa "had", upande wa pili unavaa "would have": "If I had known, I would have come." Ni kweli Wamarekani wengi husema "if I would have known" wakipiga gumzo, na wewe ukipiga gumzo hakuna atakayekufunga. Ila kwenye karatasi ya KCSE au barua kwa mwajiri, hiyo haikusaidii kitu.

Maoni yangu hapa yatawaudhi walimu kadhaa. Nadhani tungefundishwa jambo hili la Kiingereza kwa kuanzia na Kiswahili, tungelielewa kwa siku moja. Kiswahili kimeshaweka tofauti hiyo tangu zamani. -Nge- ni ya leo, ya jambo ambalo pengine bado linaweza kuwa: ningekuwa na mtaji, ningefungua duka. -Ngali- ni ya jana, mlango umefungwa. Machi 2020 serikali ilipozuia uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, mama alikuwa na robota moja tu kibandani, na zuio halikuondolewa hadi Agosti. Mpaka leo husema, "Ningalijua, ningaliweka mawili." Hahitaji mtu amwambie kwamba Agosti 2020 haitarudi. -Ngali- imeshamwambia.

Sisi vijana ndio tumeacha -ngali- ikafifia. Mtaani -nge- imeimeza. "Ningejua singenunua hii simu," msee anasema, na simu ameshainunua, imeshaharibika, imeshauzwa kama vipuri. Tunaelewana, sawa. Lakini ukipoteza tofauti nyumbani, utaitafuta wapi ugenini? Na hapa kuna kichekesho ambacho sijui kama umewahi kukigundua. Kiingereza, kwa Sheng, tunakiita ngeli. Na Kiswahili kina -ngeli- yake, ndugu ya -ngali-, ile ya "ningelijua". Yaani tunajigamba na ngeli moja mtaani huku ile nyingine, ya kukiri yaliyopita, tumeisahau kwenye daftari la darasa la saba.

Kutamani si kukiri

Kuna hatua moja zaidi, na hii ndiyo ninayotaka ubaki nayo hata ukisahau mengine yote.

Tuseme ningaliandika sawasawa: "I wish I had been there." Sarufi safi. Mwalimu angeweka alama ya vyema. Lakini bado pangekuwa na kitu kimekosekana, kwa sababu hata mtu aliyekuwa amelazwa hospitalini angeweza kuandika hivyo hivyo. "I wish I had" husema nina huzuni kwamba haikuwa. Haisemi kosa ni la nani.

Neno la kosa ni "should have". "I should have been there." Nilipaswa kuwepo, na sikuwepo. Hapo huzuni imepata mwenyewe. Na kama uwezo ulikuwepo, kuna "could have": "I could have come." Ningaliweza kuja. Matatu zilikuwepo, nauli ilikuwepo, Seme si mbali. Hiyo ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu inafunga visingizio vyote.

Tafadhali pia, unapoandika, ni "should have" au "should've". Hiyo "should of" inayozunguka kwenye WhatsApp ni sikio limemdanganya mkono.

Na kuna "regret" yenyewe, ambayo vijana wa umri wangu tunaijua vizuri kuliko tunavyotaka. "We regret to inform you." Nani hajaipokea? Ukiipokea mara kadhaa, unaanza kuiga, na hapo ndipo unamwandikia mtu "I regret to miss the interview". Sivyo. "Regret to" hutangulia habari mbaya unayoitoa sasa hivi: nasikitika kukujulisha. Kwa jambo ulilokwisha kulifanya au kulikosa, ni "I regret missing the interview". Tofauti ni herufi chache tu. Moja ni sauti ya ofisi inayofunga faili. Nyingine ni sauti ya mtu anayejuta.

"Lakini si lugha yetu"

Najua kuna anayesoma hapa akisema: sasa wewe, Kizungu kililetwa na meli, mradi tunaelewana, shida iko wapi? Nakubaliana na nusu ya hayo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni waliokamatwa wakisema lugha ya mama walivyovishwa bamba la chuma shingoni lenye maneno ya kuwatusi. Wazazi na babu zetu wana hadithi za vibao kama hivyo. Kwa hivyo ukinikuta nikimcheka muuza omena kwa sababu ya Kiingereza chake, nizabe kofi. Yule anauza omena kwa lugha tatu. Wewe na mimi tunapaswa kumvulia kofia.

Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, imeweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na unajua mwenyewe barua nyingi za kazi, za chuo na za benki huja kwa lugha ipi. Wengi wetu pia tuna ndugu ambao Kiingereza ndicho daraja pekee lililobaki kati yetu na wao. Binti ya waya hana Kiswahili cha kunisamehe. Hana Dholuo ya kunitukana. Tuna Kiingereza tu, na kama daraja ni moja, lichunge.

Mwingine atasema, kuna akili unde siku hizi, bandika sentensi, itasahihishwa. Nimejaribu. Programu inaweza kunyoosha kitenzi, lakini haikuwepo Kibuye Jumamosi. Haijui kama mlango uko wazi au umefungwa, wala kama nilizuiwa au nilichagua. Ukiipa "I wish I would be there", itachagua kwa niaba yako, na inaweza kukuchagulia njia ya mkato. Kuchagua kati ya "hope", "wish I had" na "should have" si kazi ya sarufi peke yake. Kwanza lazima ujiambie ukweli, halafu ndiyo uandike.

Na acha niwe muwazi: sisemi sarufi ndiyo iliyomuumiza ndugu yangu. Kilichomuumiza ni kwamba sikwenda. Hata ningaliandika kwa Kiingereza cha malkia, waya angekuwa amezikwa bila video. Ninachosema ni kwamba ile sentensi mbovu ilinipa pa kujificha. "Would" iliniruhusu kusimama katikati, si jana si leo, nikiwa na huzuni isiyo na mwenyewe. Nilipoanza kutafuta sentensi sahihi ndipo nikagundua kwamba sikuikwepa kwa kutojua peke yake. Kila nilipoandika "had", niliona saa nne ya asubuhi, na pasi mkononi.

Wiki mbili baadaye

Mama ndiye aliyenisukuma. Hajui nilichoandika, na Kiingereza chake ni cha bei na saizi. Tulikuwa tunakunja nguo jioni akaniuliza kama nimezungumza na binti ya waya. Nikasema nilimwandikia, hajajibu vizuri. Akaendelea kukunja, kisha akasema, "Nyathina, ulimwambia ulikuwa wapi?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimetamani tu.

Usiku huo niliandika: "I should have been there. You asked me to film it and I said yes. I could have come, but I stayed to sell clothes. I am sorry." Nilipaswa kuwepo. Uliniomba, nikakubali. Ningaliweza kuja, nikabaki kuuza nguo. Nisamehe. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kuilainisha, na kila mahali nilipotaka kuilainisha palikuwa uongo.

Akajibu kesho yake. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Aliandika, "Thank you for saying it. Who came?"

Basi nikaanza kazi. Nilimpigia mama, nikampigia ajuza mmoja jirani yao kule Seme, nikaongea na vijana waliochimba kaburi. Nikamwandikia nani alikuja, nani alilia, nani alisimama kusema nini, walipika nini, mvua ilianza saa ngapi. Sio video. Lakini tumeandikiana karibu kila siku tangu hapo, na sasa ananiuliza maneno ya Dholuo. Juzi nilimfundisha "dine". Nilimwambia ina kazi mbili katika sentensi moja. Akasema kwa Kiingereza inatosha mara moja tu. Tukacheka, mara ya kwanza.

Sasa wewe. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na kila mmoja wetu ana mmoja au wawili wanaomfuata mgongoni. Pengine kuna rafiki hukumlipa. Kuna mwalimu hukurudi kumshukuru. Kuna mtu ulimwambia "nitafika" na ukabaki kupiga pasi mashati. Kabla hujamwandikia, kwa lugha yoyote, jiulize mlango uko vipi. Ukiwa wazi, tumaini, halafu uende. Ukiwa umefungwa, sema umefungwa. Na kama ni wewe uliyeufunga, usimwambie unatamani. Mwambie ulipaswa.

Kiingereza kina maneno mawili kwa kazi hiyo, "should have". Kiswahili kina -ngali-, Dholuo ina "dine". Hakuna hata mmoja wetu, hapa Kibuye au kwingineko, anayeweza kusema kwamba alikosa lugha.